Mashine tisa, mifumo minne, PHP moja: kisa cha Jumatatu ya tarehe 1 Julai 2024

Nianze na mashine zenyewe maana bila kuzijua kisa hakitaeleweka. Kampuni ni ya vipuri vya magari, jumla na rejareja: duka Kariakoo, stoo Buguruni, tawi Mbagala, na ofisi ya hesabu Vingunguti. Seva ni tisa, zenye mifumo endeshi minne: Ubuntu, Debian, CentOS na FreeBSD. Kariakoo kuna Ubuntu 22.04 mbili za mauzo na Debian 12 yenye database. Buguruni kuna Debian 11 na CentOS 7 ya kuchapa lebo za mizigo. Mbagala Ubuntu 22.04 na Debian 11, Vingunguti Debian 12 pamoja na FreeBSD 13.3 ambayo kazi yake ni kutunza bakapu tu kwenye ZFS, namna ya kupanga faili kwenye diski. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga iwe hivo. Kila fundi aliyepita kabla yangu aliweka alichokizoea na kila mmoja alikua na sababu ya maana kwa siku ile, ile CentOS kwa mfano iliwekwa kwasababu aliyeuza programu ya lebo alisema inakubali hapo tu, na ile FreeBSD iliwekwa na jamaa aliyekua anaiamini ZFS na mpaka leo mi naona alikua sahihi.

Mi nilikua nazihudumia kwa kichwa, yani najua ya Mbagala ina hiki, ya Buguruni ina kile, na kwakua zilikua zinafanya kazi hakuna aliyeuliza.

Jumatatu hiyo mzee, yani bosi wetu, alikua na haraka kwasababu amechukua banda kwenye maonyesho ya Sabasaba na anataka akiwa pale aweze kufungua ripoti ya stoki ya matawi yote kwenye simu. Ripoti yenyewe ni programu ndogo ya PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti) niliyoiandika na kuijaribu Kariakoo kwenye Debian 12, inakimbia vizuri kabisa. Asubuhi nikaipeleka Buguruni kwenye ile CentOS maana data za lebo zinakaa pale, ikagoma hata kuanza, erori ya sintaksi mstari wa nne. Nikaangalia vesheni: PHP 5.4.16. Debian 12 inakuja na 8.2, Ubuntu 22.04 na 8.1, Debian 11 na 7.4. Kwahiyo programu moja, mashine nne za aina tofauti, PHP nne tofauti, na mimi nimeandika kwa kutumia vitu ambavyo 5.4 haijawahi kuvisikia.

Nikasema sawa, ngoja nitafute namna ya kuongeza PHP mpya pale pale. Nikaandika yum, amri ya CentOS ya kushusha programu, ikajibu haiwezi kuipata mirrorlist.centos.org. Hapa nilipoteza zaidi ya saa nzima na nataka nieleze kwanini, maana kosa hili lina maana kwenye kisa. Tarehe 12 Mei mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasumbua siku kadhaa, kila mtu Dar anakumbuka. Kwahiyo kitu cha kwanza kichwani mwangu kilikua ni mtandao. Nikazima ruta nikawasha, nikabadilisha DNS, nikampigia mtoa huduma, nikajaribu kwa bando la simu. Kumbe CentOS 7 ilifika mwisho wa maisha yake tarehe 30 Juni 2024, yani jana yake, na ile anwani ya kuorodhesha maghala ya programu imezimwa. Pakeji, yani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, zimehamishiwa vault.centos.org ambako zinakaa kama kumbukumbu, unaweza kuzichukua ila hakuna tena marekebisho ya usalama yatakayoingia. Tarehe hiyo ilikua inajulikana miaka. Haikua imeandikwa mahali popote ofisini kwetu.

Nikiwa bado Buguruni, kabla ya chakula cha mchana, ikaja habari ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Watu wa Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza udhaifu walioupa jina regreSSHion, namba yake CVE-2024-6387. Kwa kifupi kabisa, mtu akiunganisha kwenye sshd (sehemu ya OpenSSH inayopokea wageni kwenye seva) akakaa bila kuingia mpaka muda wa LoginGraceTime ukaisha, ambao kwa kawaida ni sekunde 120, sshd inakatiza ilichokua inafanya na kuita vipande fulani vya kodi ambavyo havikupaswa kuitwa wakati huo, na kwa bahati ya kulenga vizuri mtu anaweza kuingia kama root, yani mwenye mamlaka yote, bila nenosiri. Sio rahisi, wenyewe walisema kwenye majaribio yao ilihitaji wastani wa majaribio kama 10,000. Lakini ni root. Na ni udhaifu uliokua umeshafungwa mwaka 2006 ukarudi kwa bahati mbaya kwenye vesheni 8.5p1 iliyotoka 2021.

Mzee akapiga simu, kasikia kwa mtu. "Kijana, hilo jambo linatuhusu?"

Nikamwambia, "Mzee nipe dakika kumi nikuambie ni mashine ngapi."

Jibu nilimpa saa mbili usiku. Hiyo ndo kiini cha kisa chote, kwamba swali dogo hivo, mashine ngapi kati ya tisa, lilichukua siku nzima kwa mtu anayezijua mashine hizo kuliko yeyote, na nikilichambua naona matatizo manne yaliyosukana, sio moja.

La kwanza ni majina. Hapa kwetu ukisema vifurushi mtu anawaza bando, kwahiyo mi nitasema pakeji. Pakeji ile ile ina jina tofauti kila mfumo: Apache ni apache2 kwenye Debian, httpd kwenye CentOS, apache24 kwenye FreeBSD. Na kila mfumo una amri yake ya kuuliza, dpkg -l huku, rpm -qa kule, pkg info pale. Skripti yangu ya haraka haraka ilikua inatafuta jina moja kwa amri moja, na pale ilipokosa ikaandika "haipo", ambayo mtu akisoma anaelewa "salama".

La pili limenifundisha zaidi. Kwenye FreeBSD nilitafuta openssh kwa pkg info, hamna kitu. Nikaandika kwenye karatasi FreeBSD haina. Lakini nimeingia humo kwa SSH! Ni kwamba kwenye FreeBSD 13.3 sshd ni sehemu ya mfumo wenyewe, haimo kwenye pakeji kabisa, inasasishwa na freebsd-update na sio pkg. Walitoa tangazo lao la usalama siku hiyo hiyo pamoja na marekebisho. Kwahiyo hata dhana ya "pakeji" haifanani kati ya mfumo na mfumo, mpaka uliopo kati ya mfumo na vinavyoongezwa juu yake kila mtu kauchora pake.

La tatu ni namba za vesheni, na hapa ndo wengi wanaumia. OpenSSH wenyewe walitoa 9.8 siku hiyo ikiwa na dawa. Nikaandika sharti: chini ya 9.8 ni mbovu. Skripti ikasema tisa kati ya tisa mbovu. Nikasasisha zile Debian 12, nikairudia, bado ikasema mbovu. Kwasababu Debian hawakuletei 9.8, wanabaki na 9.2p1 waliyoanza nayo wanachomeka kiraka ndani yake, na dalili pekee ni kile kimkia cha mwisho, 1:9.2p1-2+deb12u3. Ubuntu 22.04 hivo hivo, 1:8.9p1-3ubuntu0.10. Namba ya mbele haijasogea hata kidogo. Upande wa pili Debian 11 ina 8.4p1 na CentOS 7 ina 7.4p1, zote ni za kabla huo udhaifu haujarudi, kwahiyo hazikuguswa. Yani mashine ambayo imekufa jana ndo ilikua salama kwa jambo hili, na mashine mpya kabisa ndo zilikua wazi. Ukipima usalama kwa kuangalia nani ana namba kubwa utapotea.

La nne ni kuamini kwamba zinajisasisha. Ubuntu server inakuja na unattended-upgrades ikiwa imewashwa, na zile mbili za Kariakoo jioni hiyo zilikua zimeshajirekebisha zenyewe. Ya Mbagala haikufanya hivo. /boot ilikua imejaa keneli (kiini cha mfumo) za zamani, apt, kisakinishi chake, imekwama katikati tangu sijui lini, na hakuna aliyepata taarifa. Dogo wa Mbagala aliniambia, "Kaka mbona hii inawaka vizuri tu," na kweli ilikua inawaka vizuri. Nikaongozana naye kwa simu tukafuta keneli mbili za zamani, tukamalizia na dpkg --configure -a.

Jibu la usiku ule lilikua sita: Ubuntu tatu, Debian 12 mbili na FreeBSD. Zote sita niliziba huo udhaifu kabla sijalala, ile FreeBSD nikaiwekea na LoginGraceTime 0 kwa muda mpaka asubuhi nilipoweza kuiwasha upya. Hiyo 0 ina gharama yake, mtu anaweza kukujazia viunganisho ukashindwa kuingia wewe mwenyewe, lakini kwa usiku mmoja niliona afadhali hivo.

Sasa kuchagua cha kufanya.

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikua ni weka mfumo mmoja kila mahali. Ni ushauri mzuri na kama naanza leo ningefanya hivo. Lakini programu ya lebo haihami, na bakapu za ZFS siwezi kuzibomoa ili tu mashine zifanane. Njia ya kontena, yani kufunga programu na vyote inavyohitaji kwenye picha moja, niliifikiria pia, tatizo mashine ya Buguruni ina RAM ndogo, na kushusha picha nzito nzito kwa bando la tawi kila zinapobadilika sio jambo la kumpelekea mzee. Nix, njia nyingine ya kusimamia pakeji, niliisoma wiki nzima, ni kazi nzuri iliyoanza kama utafiti wa Eelco Dolstra kule Uholanzi, kila pakeji inakaa kwenye njia yake yenye alama ya kipekee na hazigongani, ila lugha yake ya kuandikia ni mpya kabisa na mi nilitaka kitu ambacho dogo wa Mbagala akikifungua anaelewa.

Nikaangukia pkgsrc. Hii ni mkusanyiko wa maelekezo ya kujenga pakeji, ni ya watu wa NetBSD (mfumo endeshi ndugu wa FreeBSD), ilitokana na ports, mkusanyiko kama huo wa FreeBSD, mwaka 1997, na inatembea kwenye Linux, kwenye macOS, kwenye illumos na mifumo mingine mingi. Inaishi kwenye folda yake, kwetu /usr/pkg, haigusi vya mfumo. Na ina matawi ya robo mwaka, 2024Q1, 2024Q2 na kuendelea, kwahiyo ukisema "tuko 2024Q2" umeshataja vesheni za maelfu ya pakeji kwa neno moja. Hicho ndo nilikua nakitafuta.

Uamuzi nilioufanya, na bado nausimamia, ni kugawa mara mbili. Vya mfumo, yani keneli, sshd, vitu vya kuwasha mashine, niliviacha mikononi mwa Debian, Ubuntu na FreeBSD wenyewe, maana wao wana watu wa usalama na mimi sina. Vya kazi yetu, yani PHP na moduli zake pamoja na vijiprogramu vinavyoizunguka ripoti, vinatoka pkgsrc kwenye seva zote nane za Linux. Pakeji kumi na moja tu kwenye orodha. Kosa ambalo nimeona watu wakifanya ni kutaka kuhamisha kila kitu, unajikuta umekua msimamizi wa mfumo mzima peke yako.

Kujenga kulisumbua. Kwenye Linux (yani Ubuntu, Debian na CentOS) kuna jambo la glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu programu zote zinaiegemea: CentOS 7 ina 2.17, Debian 11 ina 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36. Programu iliyojengwa kwenye glibc ya zamani kwa kawaida inakimbia kwenye mpya, kinyume chake inagoma. Kwahiyo nikajenga kwenye iliyo ya zamani kuliko zote, nikatengeneza chroot (folda inayojifanya mfumo mzima) ya CentOS 7 ndani ya mashine yenye nguvu ya Kariakoo nikakompailia humo mara moja kwa ajili ya zote nane. Gcc, yani kompaila, ya CentOS 7 ni 4.8.5, ya zamani mno, ikabidi pkgsrc ijijengee gcc mpya kwanza, kazi ya usiku mzima, na usiku wa kwanza umeme ukakatika kabla haijaisha.

Af kuna mtego mmoja ambao ulinikula siku mbili na sitaki mtu mwingine aliwe. Pkgsrc ikikuta mfumo una maktaba inayofaa, kwa mfano OpenSSL ya kuficha mawasiliano, inatumia hiyo ya mfumo badala ya kujenga yake. Nia ni njema, inapunguza kazi. Lakini pakeji nilizojenga zikaegemea maktaba za CentOS, nikizipeleka Debian 12 yenye OpenSSL 3.0 hazikuti kile zilichojengewa, zinakufa. Dawa ni mstari mmoja kwenye mk.conf, faili la mipangilio ya pkgsrc, PREFER_PKGSRC=yes, kuanzia kabla hujajenga pakeji ya kwanza. Nilifuta kila kitu nikaanza upya. Na kwenye Linux amri ni bmake, sio make, ukikosea hapo unapata erori zisizoeleweka kabisa.

Mbagala na Vingunguti pakeji nilizipeleka kwa flashi. Hili lilitokana moja kwa moja na Mei: sitaki tawi lishindwe kurekebishwa eti kwasababu waya umekatika baharini. Pkgin, chombo cha kusakinisha pakeji za pkgsrc, inakubali anwani ya ghala ianze na file://, kwahiyo unachomeka flashi, unaielekeza pale, unaendelea. Vyanzo vyote vya programu navitunza Kariakoo kwenye folda ya distfiles, na pkgsrc inalinganisha kila faili na alama yake iliyoandikwa kwenye distinfo kabla ya kulitumia, kwahiyo hata likipita mikononi mwa watu watatu, likibadilika linakataliwa.

Orodha yenyewe ya pakeji inakaa kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mafaili. Amri ya pkgin export inatoa majina ya pakeji ulizoziomba wewe, bila zile zilizoingia kama tegemezi, na pkgin import inazirudisha kwenye mashine nyingine. Kwa vya mfumo natumia Ansible, chombo cha kuelekeza mashine nyingi kwa pamoja, kuna faili moja la majina ya Debian, moja la RedHat, moja la FreeBSD, ili nikisema "seva ya wavuti" ijue yenyewe ni apache2 au httpd. Nimeweka state: present (iwepo tu) na sio latest (iwe mpya kabisa), maana latest inamaanisha mashine mbili zikiguswa siku mbili tofauti zinatofautiana tena. Tahadhari kwa mwenye CentOS 7: ansible-core 2.17 imeacha kuhudumia mashine zenye Python 2.7, nilibaki na 2.16.

Kwenye faili hilo hilo la Git kila mashine ina mistari mitatu niliyoiandika kwa mkono: mfumo wake unakufa lini, sshd yake inatoka wapi, na nani anashika ufunguo wa chumba ilipo. Dada wa hesabu Vingunguti ndo aliniambia niweke huo wa tatu. Alisema, "Kaka, siku ile ulinipigia saa mbili usiku kuniuliza nani ana ufunguo, hilo nalo liandike." Nikaandika.

Sabasaba yenyewe haikusubiri haya yote, lazima niseme. Ripoti ya banda mzee aliiona kwa njia ya mkato, Debian 11 ya Buguruni ilikua inachukua faili za CSV kutoka kwenye ile CentOS kila baada ya nusu saa na kuzionyesha kwa kodi niliyoipunguza mpaka PHP 7.4 ikaielewa. Mfumo mzima ulikamilika katikati ya Agosti.

Jaribio la kweli lilikuja mwisho wa Septemba. PHP walitoa 8.2.24 yenye marekebisho ya usalama, na ni wakati ule ule tawi la 2024Q3 linatoka. Tawi la zamani likishapata mrithi halipati tena viraka, kwahiyo ukikaa kwenye Q2 umekaa kwenye nyumba isiyokua na fundi. Nilikua nimeweka kila usiku mashine zishushe orodha ya udhaifu kwa pkg_admin fetch-pkg-vulnerabilities halafu pkg_admin audit inanitumia ujumbe. Asubuhi nikakuta jumbe nane zenye maneno yale yale. Nilijenga Q3 jioni, safari hii saa chache tu, nikaijaribu Kariakoo siku mbili, nikaipeleka kwingine.

Mzee akauliza tena swali lake, ni mashine ngapi. Nikafungua ujumbe nikiwa mbele yake. "Nane mzee, zote kasoro ya bakapu. Ijumaa zitakua sifuri." Ijumaa saa kumi jioni dogo wa Mbagala alinitumia picha ya skrini, ameimalizia ya kwake mwenyewe kwa flashi.

Kilichobaki ni ile CentOS. Haionekani tena kwenye intaneti, inaongea na Debian ya pembeni yake tu, na tarehe yake ya kuzimwa nimeshaiandika kwenye faili. Programu ya lebo tunaiandika upya kwa PHP ile ile ya /usr/pkg.